Nyumba Imeingia Mchwa? Jua Kwanza ni Mchwa Gani

Mvua za vuli zikishapiga mara mbili tatu, na tena masika yanapofungua mwezi wa Machi, huja jioni moja hewa ikiwa imetulia na kumbikumbi wakajaa kwenye taa za barazani. Asubuhi sakafu imetapakaa mbawa. Hapo watu huanza kuulizana: jamani, nyumba imeingia mchwa? Mmoja anashauri oili chafu, mwengine chumvi ya mawe, wa tatu ana namba ya fundi wa kupiga dawa. Fundi akija, anapiga dawa ileile kila anapoitwa, iwe ni fleti ya ghorofa ya nne Michenzani, mjini Zanzibar, au nyumba ya udongo kijijini Makunduchi.

Kumbikumbi waliofuata taa ya nje hawathibitishi chochote kuhusu nyumba yako. Inawezekana wametoka kwenye kichuguu kilichoko shambani kwa jirani. Lakini kijirundo cha chembe ndogo chini ya kabati, kinachofagiwa kila asubuhi bila kutazamwa, ni dalili nzito kwamba ndani ya kabati hilo kuna mchwa. Tabu ni kuwa jina moja la mchwa linabeba wadudu wa tabia mbili zisizofanana, na juu yake wanaongezwa wadudu wengine ambao si mchwa hata kidogo. Dawa inayomkomesha mmoja haimfikii mwengine. Ndiyo maana pesa nyingi za dawa ya mchwa humwagwa bure, na mbao zikaendelea kuliwa.

Mchwa ni nani

Mchwa si aina ya sisimizi, ingawa wote huishi kwa makundi na kutembea kwa msafara. Kwa nasaba mchwa yuko karibu zaidi na mende. Sisimizi na siafu ni maadui wake wakubwa, humvamia kiotani na kumla. Chakula cha mchwa ni selulosi, yaani ile nyuzi inayojenga mti na kila kitokanacho na mmea: mbao, karatasi, katoni, kitambaa cha pamba, makuti, makumbi ya nazi. Duniani zimetambuliwa karibu aina 3,000 za mchwa, na nyingi hazina habari na nyumba za watu. Wako mwituni na mashambani wakila majani makavu na magogo, na kazi yao hiyo inarutubisha ardhi. Wanaokula majengo ni wachache, na kwa mwenye nyumba wanagawanyika makundi mawili.

Kundi la kwanza ni mchwa wa ardhini. Kiota chake kimo udongoni, ama chini kabisa ama katika kichuguu. Ngozi yake ni laini na hukauka upesi akikutana na jua na upepo, kwa hiyo hawezi kuishi mbali na unyevu. Akitaka kupanda ukuta kufuata mbao, hujijengea njia ya udongo iliyofunikwa juu na kupita ndani yake. Kundi moja linaweza kuwa na mchwa laki kadhaa, na aina nyengine hupita milioni. Wanaokuja nyumbani kwako ni vibarua tu. Malkia na watoto wamebaki kiotani, pengine makumi ya mita kutoka ukutani.

Kundi la pili ni mchwa wa mbao kavu. Huyu hana haja na udongo wala njia. Kumbikumbi wawili, jike na dume, huingia kwenye ufa wa mbao au tundu la msumari, wakaziba nyuma yao na kuanza ukoo humohumo. Maji yao huyapata kwenye mbao yenyewe na katika hewa yenye unyevu, na hewa ya visiwani inawafaa sana. Ukoo wao ni mdogo, mamia hadi elfu chache, na huchukua miaka kadhaa kukua. Lakini wanaweza kukaa katika samadari, katika fremu ya dirisha la ghorofa ya juu, katika juzuu za zamani kwenye rafu, hata katika sanduku lililosafiri kwa jahazi. Hivyo ndivyo walivyoenea bandari nyingi za dunia, ndani ya mbao za meli na samani za wasafiri.

Tofauti hii ndiyo inayoamua kila kitu kinachofuata. Mchwa wa ardhini ni kibarua anayelala shamba na kuja mjini kila siku; ukiifunga barabara, kazi inasimama. Mchwa wa mbao kavu ni mpangaji aliyehamia chumbani na kufunga mlango kwa ndani. Kufunga barabara hakumhusu.

Kumbikumbi wanakwambia nini hasa

Kumbikumbi ni mchwa wenye mbawa, vijana wa kike na wa kiume wanaotoka kwenda kuanzisha koo mpya. Hawali mbao wakati huo. Huruka muda mfupi, hutua, hukata mbawa zao, hutafuta mwenza na mahali pa kujificha. Wengi mno hufa au huliwa na kuku, mijusi na ndege kabla ya kufika popote.

Kwanza hakikisha ni kumbikumbi kweli, maana sisimizi nao hutoa wenye mbawa msimu uleule. Mshike mmoja umtazame. Kumbikumbi ana mbawa nne zenye urefu sawa, zinazopita mwili kwa mbali, na kiwiliwili kilichonyooka kisicho na kiuno. Vipapasio vyake vimenyooka kama ushanga uliotungwa. Sisimizi mwenye mbawa ana kiuno chembamba sana, mbawa za mbele ni kubwa kuliko za nyuma, na vipapasio vimepinda katikati.

Kisha uliza wametokea wapi. Waliojaa kwenye taa ya nje huenda ni wageni. Waliotoka ndani, kwenye ufa wa sakafu, pembeni mwa fremu au nyuma ya ubao wa dari, huku madirisha yakiwa yamefungwa, ni wenyeji, na hapo huna haja ya kubahatisha tena. Mbawa zilizorundikana kwa ndani chini ya dirisha lililofungwa zina maana hiyohiyo, kwa sababu walikuwa wakikimbilia mwanga ili watoke. Mchwa wa mbao kavu hutoa kumbikumbi wachache, pengine makumi tu kwa wakati, na hawasubiri mvua kubwa kama wenzao wa ardhini. Kwa hiyo mbawa ishirini kwenye kizingiti cha dirisha mwezi wa Januari ni habari nzito kuliko mbawa elfu barazani baada ya mvua ya Aprili.

Alama za mchwa wa ardhini

Alama kuu ni njia ya udongo. Upana wake kwa kawaida ni wa penseli, milimita 5 hadi 10, na huonekana ikipanda kutoka chini: kwenye msingi, pembe za ukuta, nyuma ya mlango usiofungwa mara kwa mara, kando ya bomba la maji, ndani ya kisanduku cha waya za umeme. Aina nyengine hazijengi mrija mwembamba bali hufunika kuni, gome la mti au nguzo nzima kwa ngozi ya udongo, na wakala wakiwa chini yake.

Njia ikionekana, usiifute kwa ufagio. Vunja kipande cha sentimita 3 hadi 5 katikati, uache juu na chini kama palivyo. Ukiona vidudu vyeupe vinahangaika ndani, umepata jibu. Kama pakavu na patupu, weka alama ya penseli ukutani na urudi baada ya siku mbili tatu. Njia inayotumika huzibwa kwa udongo mbichi wenye rangi iliyokoza; iliyoachwa hubaki imevunjika. Njia iliyohamwa haimaanishi kwamba mchwa wameondoka nyumbani, lakini inakuonyesha walikopita.

Mbao aliyoila mchwa wa ardhini ina sura yake. Hufuata urefu wa nyuzi, hula sehemu laini na kuacha zile ngumu zimesimama mfano wa kurasa, na katikati hujaza udongo. Nje mbao huonekana nzima. Rangi yaweza kuvimba au kujikunja, watu wakadhani ni unyevu tu, na ukibonyeza kwa kidole kinazama. Mlango ulioanza kukwama unaweza kuwa umevimba kwa maji, lakini ukikwama huku sehemu ya chini ya mwimo ikilia wazi, kama kitu kitupu ndani, unapoigonga, chunguza zaidi.

Ukivunja mbao na kukutana na walinzi, watazame pia. Wenye vichwa vikubwa vya hudhurungi na meno yanayoweza kutoa damu kidoleni ni wa jamii ya wajenga vichuguu. Wapo walinzi wadogo ambao wakibughudhiwa hutoa tone jeupe mfano wa maziwa kichwani. Hao wanahitaji umakini, kwa sababu jamii yao inaweza kuweka makao ndani ya ukuta wenyewe, mbali na ardhi, ilimradi pana maji yasiyokauka: tangi linalovuja juu ya paa, bomba lililopasuka bafuni, maji ya kiyoyozi yanayochuruzika ukutani mwaka mzima.

Alama za mchwa wa mbao kavu

Huyu hana udongo kabisa. Alama yake ni kinyesi: chembe kavu, ngumu, zenye urefu usiofika milimita moja au kuipita kidogo sana, zote za ukubwa mmoja. Rangi hutofautiana kulingana na mbao, kutoka manjano hadi karibu nyeusi. Ukiziweka kwenye karatasi nyeupe na kuzitazama kwa lenzi, au ukazipiga picha kwa simu na kuikuza, utaona kila chembe ina pande sita zilizobonyea. Mchanga hauko hivyo, wala vumbi la msumeno.

Mchwa hutoboa tundu dogo la milimita 1 hadi 2, husukuma uchafu nje, kisha huliziba tena. Ndiyo maana kijirundo huonekana leo, wiki mbili kikakosekana, halafu kikarudi. Tundu hutafutwa juu ya kijirundo, wima moja kwa moja. Ndani ya mbao, vyumba vyao ni safi na laini utadhani vimepigwa msasa, vinakata nyuzi huku na huku bila kufuata urefu. Mlinzi wa jamii iliyo ya kawaida zaidi majumbani ana kichwa kifupi cheusi kilichobutuka mbele, na hukitumia kama kizibo cha tundu.

Kuna jambo moja linalowapoteza hata mafundi wazuri. Chembe zinaweza kuendelea kudondoka kutoka kwenye mbao ambayo mchwa wake walikufa zamani, kila mlango unapobamizwa au kiti kinapoburutwa. Kabla hujalipia dawa, fagia na upanguse pawe safi kabisa, tandika karatasi nyeupe, kisha subiri wiki mbili bila kuisogeza samani. Chembe mpya zikijipanga kwa kijirundo chini ya tundu, mchwa wako hai. Zikiwa chache zilizotawanyika, huenda ni masalia.

Wanaosingiziwa

Ukichukua uchafu uliodondoka na kuusugua kati ya vidole, ukauhisi laini kama unga wa ngano, huyo si mchwa. Hao ni mbawakawa wadogo wanaobungua mbao. Viwavi wao hula ule ubavu mweupe wa mbao ngumu, yaani tabaka la nje la mti, wakawa wadudu wazima, wakatoka kwa kutoboa matundu ya mviringo ya milimita 1 hadi 2 ambayo hubaki wazi. Mianzi ina wadudu wake wa namna hiyo, na vikapu na viti vya mianzi hugeuka unga kwa miezi michache kama vilitengenezwa kwa mianzi mibichi isiyotibiwa.

Tundu la mviringo la kuingiza kidole kwenye boriti ya upenuni, na vumbi la mbao chini yake, ni kazi ya nyuki mkubwa mweusi anayechimba makao, mbao haili. Na mbao iliyokatika vipande vya miraba, nyepesi, yenye rangi ya kahawia na harufu ya ukungu, imeoza kwa kuvu. Hapa pana uhusiano, lakini. Mahali palipooza ni mahali penye maji, na mchwa wa ardhini hupapenda. Ukikuta kuoza, tafuta pia njia ya udongo.

Kukagua nyumba yako

Unahitaji kurunzi, bisibisi, penseli na muda wa saa mbili. Anza nje. Zunguka msingi wote ukitazama usawa wa ardhi hadi magotini. Udongo, kifusi au bustani iliyopanda juu ya msingi huficha njia; vizuri pawe na angalau sentimita 15 za msingi zinazoonekana wazi. Kuni, makuti ya akiba, vifuu na makumbi yaliyoegeshwa ukutani ni chakula na kivuli kwa pamoja. Yaondoe, na utazame mahali yalipokuwa.

Ndani, gonga kila fremu kwa mpini wa bisibisi, kila sentimita 15 hivi kutoka chini hadi juu. Mbao nzima hulia kavu na nzito, iliyoliwa hulia wazi. Palipolia wazi bonyeza kwa ncha. Nyamaza kidogo baada ya kugonga: walinzi wa mchwa hupiga vichwa vyao kwenye mbao kuwaonya wenzao, na usiku mtulivu mgogoto huo mdogo wa haraka husikika. Sogeza makabati yaliyokaa miaka, inua katoni za vitabu na vyeti zilizowekwa sakafuni, tazama chini ya ngazi, bafuni, na kila bomba linapopenya ukuta. Panda darini. Kenchi zikaguliwe hasa zinapokaa juu ya ukuta, kwa sababu hapo ndipo njia ya udongo hufikia mbao na hapo ndipo paa huvujia.

Nyumba za udongo zinataka uangalifu wa ziada, maana njia ya mchwa ina rangi moja na ukuta. Chimba kidogo kuizunguka kila nguzo, sentimita 10 hadi 15, na uidunge pale inapokutana na ardhi. Nguzo huliwa hapo kwanza, na nyumba inaweza kusimama ikiegemea fito na udongo huku nguzo tatu zimekwisha chini. Tazama pia mahali makuti yanapogusa ukuta.

Nyumba za mawe za Mji Mkongwe, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, zina shida ya aina yake. Kuta ni nene, za mawe ya matumbawe yaliyofungwa kwa chokaa na udongo, na katikati ya ukuta huo mchwa anaweza kupanda ghorofa mbili bila kuonekana popote. Dari zimebebwa na boriti za mikoko ambazo vichwa vyake vimezama ukutani. Boriti ya mkoko ikiwa kavu ni ngumu na hustahimili sana. Lakini paa likivuja, kichwa kile hubaki kimeloa mwaka hadi mwaka, kuvu hukilainisha, na mchwa humalizia. Kinachoonekana chumbani ni boriti nzuri. Kilichooza ni sentimita 30 za ndani zinazobeba mzigo. Ukiona doa la maji pale boriti inapoingia ukutani, plasta iliyotoka, au sakafu ya juu inayobonyea, mwite fundi wa majengo ya kale kabla ya fundi wa dawa. Na kupaka saruji juu ya ukuta wa chokaa hufungia unyevu ndani badala ya kuuzuia, kwa hiyo huko ni kuwatengenezea mchwa makao.

Yanayosemwa mitaani

“Nyumba ya matofali na zege haiingii mchwa.” Huingia. Ufa wa milimita moja katika sakafu unamtosha. Zege haliwi, lakini fremu, kenchi, dari, kabati na katoni ya vyeti vya skuli vinaliwa.

“Ukibomoa kichuguu na kumtoa malkia, basi.” Kwa baadhi ya wajenga vichuguu, kumpata malkia huvunja kundi. Ila makao yake yako ndani sana, koo nyengine zina uwezo wa kuweka mzazi mwengine, na kichuguu unachokiona huenda si cha mchwa wanaokula nyumba yako. Wengi wanaoharibu nyumba hawana kichuguu cha kuonekana.

“Oili chafu inatosha.” Huzuia kwa muda pale ilipogusa, ikipaukapauka mchwa hupita pembeni. Haizami ndani ya nguzo, na mvua huishusha ardhini na hatimaye kisimani. Chumvi nayo haimzuii mchwa, ila huozesha nondo za zege lako. Majivu hufanya kazi yakiwa makavu tu.

“Nimepuliza kopo la kuulia mende, wamekwisha.” Umewaua mia mbili kati ya laki kadhaa. Waliobaki wamefunga njia hiyo na watatokea kwengine, na sasa hata mtaalamu akija hana pa kuanzia.

“Mbao ngumu hailiwi.” Msaji, mvule, mninga na mfenesi hustahimili, lakini ni ile sehemu ya ndani iliyokolea rangi. Ubavu mweupe wa miti hiyohiyo huliwa. Paini isiyotiwa dawa, mbao za mwembe na sehemu ya kati ya mnazi huliwa haraka.

Baada ya kujua

Kwa mchwa wa ardhini, anza na maji na chakula: ziba panapovuja, elekeza maji ya bati mbali na msingi, ondoa visiki na kuni. Kisha kizuizi cha dawa udongoni. Mtaro wa upana na kina cha sentimita 15 huchimbwa kufuata msingi, dawa iliyochanganywa na maji humiminwa, na udongo unaorudishwa nao hutiwa dawa. Kipimo kinachotumika sana ni kama lita 5 za mchanganyiko kwa kila mita ya msingi kwa kila sentimita 30 za kina cha msingi, na lebo ya dawa ndiyo yenye kauli ya mwisho. Palipo na sakafu ya zege, hutobolewa matundu kandokando ya ukuta, dawa ikaingizwa chini na matundu yakazibwa kwa saruji. Kizuizi lazima kizunguke kote. Mita moja iliyorukwa, labda kwa sababu ya ngazi ya baraza, ndiyo watakayopitia. Kazi hii haifanywi mvua ikinyesha au ardhi ikiwa imeshiba maji.

Jambo la visima nalisisitiza. Maeneo ya maweni, mashariki na kusini mwa Unguja na kaskazini mwa Pemba, yamekaa juu ya mwamba wa matumbawe wenye matundu. Kinachomwagwa juu hushuka kwenye maji yaliyo chini bila kuchujwa ipasavyo. Mwonyeshe fundi kisima chako na cha jirani kabla hajafungua chupa. Karibu na kisima dawa ya udongo isitumike; hapo patumike mitego ya chambo (chakula chenye sumu ambacho mchwa hukipeleka kiotani), kubadilisha mbao, na kuzuia unyevu. Ukipewa dawa isiyo na lebo, ikiwa imehamishiwa kwenye chupa ya maji, ikatae. Aldrini, dieldrini na klodeni, zilizokuwa zikitumika zamani kwa mchwa, zimo katika orodha ya kwanza ya Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 kwa sababu hudumu miongo ardhini na katika miili ya watu.

Kwa mchwa wa mbao kavu, dawa ya udongo ni hasara tupu. Kifaa kidogo kilichoharibika sana kitolewe na kuchomwa. Kilicho na thamani hutobolewa matundu ya milimita 3 hadi kuvifikia vyumba vyao, dawa ikadungwa kwa sindano na matundu yakazibwa. Chumvi za boroni hupakwa kwenye mbao isiyo na rangi wala vanishi, maana hazipenyi juu ya rangi. Joto pia huwaua: mbao ikifika nyuzi 50 za Selsiasi hadi katikati kwa nusu saa na zaidi, hawabaki. Kuanika juani chini ya nailoni nyeusi husaidia vitu vyembamba, lakini mguu mnene wa samadari haupati joto hilo ndani. Kitabu kikifungwa vizuri ndani ya mfuko wa nailoni na kuwekwa kwenye friza wiki mbili, kinasalimika.

Tafadhali, vidonge vya kuhifadhia nafaka visitumike chumbani kuulia mchwa. Hutoa gesi ya fosfini, inayopenya nyufa na kuingia chumba cha pili walikolala watoto, na haina dawa ya kuiondosha mwilini.

Anayejenga ana nafasi ambayo hairudi. Mafundi wana mazoea ya kufukia mabaki ya mbao za zege na mifuko ya karatasi ya saruji ndani ya kifusi cha msingi, na kuacha visiki vya minazi au mikarafuu chini ya sakafu. Huko ni kuwawekea mchwa karamu chini ya nyumba. Simamia vitolewe vyote. Udongo wa sakafu hutiwa dawa baada ya kushindiliwa mara ya mwisho, kama lita 5 za mchanganyiko kwa mita mraba, kisha nailoni itandikwe na zege limwagwe upesi kabla mvua haijaosha au koleo haijafukua.

Unapomwita fundi, mwombe akuonyeshe alama kwanza na akutajie ni mchwa wa aina gani, kabla ya bei. Akishindwa kukuonyesha njia wala chembe, usilipe. Akishapiga dawa, mwache avunje kila njia ya udongo na aandike tarehe pembeni kwa penseli, na chini ya kila samani iliyodungwa atandike karatasi safi. Kagua baada ya wiki mbili, tena baada ya miezi mitatu, na kila mwanzo wa vuli na masika. Njia ikijengwa upya baada ya mwezi, au karatasi ikipata kijirundo kipya, mwite arudi, na makubaliano hayo yawe yameandikwa tangu siku ya kwanza.